Toeni uhuishaji picha moja moja
Wanafunzi wenzangu wa uhuishaji mnaosoma ufundi hapa Dodoma na kufanyia kazi za usiku katika vyumba vya kupanga Nkuhungu au Chang'ombe, mnapoiagiza Blender, programu ya kutengeneza uhuishaji, itoe kazi ya mwisho, chagueni mfululizo wa picha za PNG badala ya faili moja la video, kwa sababu umeme ukikatika, video ambayo haijakamilika mara nyingi haifunguki tena, ilhali picha zilizokwisha kutoka hubaki salama. Sekunde 10 kwa fremu 24 kila sekunde ni picha 240. Umeme ukikatika baada ya picha ya 180, mtaendelea na ya 181 badala ya kurudia zote, jambo linalouma mno asubuhi ya kukabidhi kazi. Kuziunganisha na sauti hufanyika ndani ya programu hiyohiyo.