Torenti bila kuunguza bando

Mara ya kwanza nilipakua Ubuntu, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, kwa brauza. Ilipofika asilimia 90 umeme ukakatika, faili likaanza upya, na bando la usiku likaishia hapo. Ndipo nikahamia torenti, njia ya kupakua faili kutoka kwa watu wengi kwa pamoja.

Weka qBittorrent, programu ya kupakulia torenti. Ni ya bure, haina matangazo. Ila ichukue kwenye tovuti yao wenyewe. Kisha ingia tovuti ya Ubuntu, pakua kile kifaili kidogo kinachoishia na .torrent, ukifungue. Utaulizwa pa kuhifadhi. Chagua diski yenye nafasi, maana Ubuntu ya sasa inapita GB 5.

Hapa hutegemei seva moja. Faili limekatwa vipande, unavichukua kwa watu wengi walio navyo, nawe unawagawia ulivyokwisha kupata. Kila kipande kinakaguliwa kikifika, kwa hiyo umeme ukirudi unaendelea pale pale.

Sasa bando. Kugawa nako kunakula data! Fungua mipangilio, sehemu ya kasi, weka kikomo cha kupakia (upload), yaani cha kugawa, tuseme 20 KiB/s. Usiandike 0. Mimi niliandika 0 nikidhani nimefunga mlango, kumbe kwa programu hii sifuri ni "bila kikomo". Asubuhi nikaamkia meseji ya bando kuisha. Faili likimaliza kushuka, lisimamishe ili lisiendelee kugawiwa.

Na filamu za watu zenye hakimiliki usiguse: anwani yako ya IP, namba inayotambulisha intaneti yako, wanaiona wote mnaogawana nao.

Nikienda kwa shemeji, mwenye Wi-Fi ya mwezi mzima, naiacha laptopu igawe hadi alfajiri.