Jinsi ya Kuomba Kibali cha Kufunga Barabara za Jiji kwa Ajili ya Kushuti Filamu

Kabla ya kujaza fomu, amua kama kweli unahitaji kufunga barabara. Kwa mazungumzo ya kando ya njia, mara nyingi yatosha askari wa usalama barabarani kusimamisha magari dakika mbili tatu kila mnaposhuti, kisha kuyaachia. Ombi la namna hiyo hupita kwa urahisi zaidi. Kufunga kabisa kuombe pale kamera inapokaa katikati ya lami au magari yanapofukuzana.

Anzia ofisi ya filamu ya jiji. Kama haipo, nenda idara ya barabara ya halmashauri. Ulizia mapema barabara hiyo ni ya nani, maana barabara kuu inaweza kuwa chini ya mamlaka nyingine. Peleka ombi wiki kadhaa kabla, lenye tarehe, saa, idadi ya watu na magari, maelezo ya tukio, na siku ya akiba mvua ikinyesha.

Ramani ndiyo hubeba ombi zima. Chora vizuizi vitakapokaa, magari yatakapochepukia, basi litakapohamishia kituo, waenda kwa miguu watakapopita, na jenereta itakapoegeshwa. Acha njia ya zimamoto na ambulensi muda wote. Nenda ukaione barabara siku na saa ileile utakayoshuti. Mimi niliwahi kurudishiwa ramani kwa sababu ya geti moja la nyuma la zahanati: nililipita Jumapili likiwa limefungwa, kumbe Jumatatu ndilo wagonjwa wanaloingilia.

Ambatisha bima inayolipa madhara kwa watu na mali za wengine. Silaha za maigizo, milipuko na sare za polisi zitaje waziwazi. Droni huhitaji ruhusa ya mamlaka ya anga.

Halafu piga hodi kwa majirani. Barua chini ya mlango haitoshi. Mwenye duka anataka kujua mzigo wake utashushwa saa ngapi, na ana haki ya kujibiwa. Malalamiko yake yakifika ofisini kabla yako, kibali kitachelewa.

Siku ya kazi, kibali kilichochapishwa kiwe mkononi mwa msimamizi wa eneo, na kila kizuizi kiwe na mtu wa kukisogeza haraka. Mkimaliza kabla ya saa mliyopewa, fungueni barabara papo hapo.