Somo: Nyoka mchanga anayegoma kula, tuanzie wapi?

Wakuu, somo hili ni la yule aliyepata nyoka mdogo, akamwekea panya jioni, na asubuhi akamkuta panya palepale. Kesho yake vilevile. Keshokutwa vilevile. Hapo ndipo watu huanza kuhangaika, na mahangaiko yenyewe ndiyo yanayoharibu.

Nyoka wangu wa kwanza alikuwa nyoka wa mahindi (Pantherophis guttatus), gramu saba, mwembamba kama kamba ya kiatu. Wiki nzima nilimjaribu kila jioni: namtoa, namshika, namsogezea panya puani, namrudisha, halafu nachungulia kila nusu saa. Hakugusa kitu. Kisha nikasafiri siku nane, nikamwachia ndugu yangu kazi moja tu ya kubadilisha maji. Niliporudi nilimtupia panya bila matumaini, nikaenda kulala. Asubuhi panya hayupo na nyoka ana nundu tumboni. Nilichobadilisha ni kimoja tu, kutokuwepo kwangu. Kwa hiyo nitataja mbinu nyingi hapa chini, lakini nyingi hutazihitaji ukiweza kuzuia mikono yako.

Ninazungumzia zaidi nyoka wa mahindi na yule chatu mdogo wa Afrika Magharibi na Kati anayejiviringa kama mpira akiogopa (Python regius), kwa kuwa ndio wanaofugwa na wengi.

Hatua ya 1: Je, kweli amegoma?

Nyoka aliyetoka kwenye yai juzi hana njaa. Tumboni amebeba mabaki ya kiini cha yai, na yanamtosha mpaka ajivue gamba mara ya kwanza, kwa kawaida siku 7 hadi 14 baada ya kuanguliwa. Kabla ya hapo usimpe kitu. Na hata akishakua, ukiona macho yameingia ukungu wa bluu, yuko karibu kujivua tena, msubiri amalize.

Kama umempata kwa mtu, muulize maswali haya kabla hujaondoka naye: amekula mara ngapi, alikula nini hasa, kilikuwa hai au kilikuwa cha barafu, yaani kimekufa na kugandishwa? Nyoka aliyezoeshwa panya wa jamii ndogo (mouse kwa Kiingereza) anaweza kumtazama mtoto wa panya wa jamii kubwa (rat) kana kwamba ni jiwe. Akifika kwako, mpe siku 5 hadi 7 za kutulia bila kumshika wala kumlisha.

Hatua ya 2: Nyumba

Hapa ndipo penye kesi nyingi, kwa hiyo tukae kidogo.

Watu wanapenda kumpa nyoka mdogo boma kubwa la kioo, zuri, lenye taa na tawi katikati. Kwa nyoka wa urefu wa kalamu mbili tatu hilo ni uwanja mtupu, na kila kivuli kinachopita ni ndege anayekuja kumla. Mhamishie kwenye boksi la plastiki lenye ukubwa wa boksi la viatu, lenye kifuniko kinachofunga vizuri na matundu ya hewa. Weka maficho mawili, moja upande wa joto na jingine upande wa baridi, ili asilazimike kuchagua kati ya joto na usalama. Maficho yawe finyu, mgongo wake uguse dari. Jaza nafasi iliyobaki kwa karatasi zilizofinyangwa. Kopo la maji, basi. Haivutii macho, lakini boksi hili ni la kwake, si la wageni wako.

Joto nalo lisikadiriwe kwa kiganja. Chatu anahitaji upande wa joto wenye nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi na upande wa baridi wenye 25 hadi 27. Nyoka wa mahindi, joto 28 hadi 30, baridi 22 hadi 25. Pima kwa kipimajoto chenye waya, kiishie pale sakafuni anapolala, na kifaa cha joto kiongozwe na themostati, ile swichi inayowasha na kuzima joto yenyewe. Nyoka hana joto lake mwenyewe la kusagia chakula. Akiwa baridi, kukataa kula ni akili nzuri, kwa sababu mlo usiosagwa unamwozea tumboni.

Hatua ya 3: Mizani

Nunua mizani inayosoma gramu moja moja au chini ya hapo. Mpime mara moja kwa wiki, uandike. Macho yanadanganya na wasiwasi unadanganya zaidi. Kama uzito umesimama, una muda. Akipoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake, tafuta daktari wa wanyama anayejua reptilia.

Hatua ya 4: Mlo wenyewe

Unene wa windo usizidi sana sehemu nene kuliko zote ya mwili wa nyoka. Kwa nyoka wa mahindi aliyeanguliwa karibuni ni kitoto cha panya ambaye hajaota manyoya. Chatu mchanga ni mkubwa zaidi, mara nyingi gramu 50 na kitu, hivyo huanza na panya mdogo aliyekwisha kuota manyoya, au mtoto wa panya wa jamii kubwa.

Panya wa barafu myeyushe kwenye friji usiku kucha, kisha mtie kwenye mfuko usiopitisha maji na umzamishe katika maji ya moto yasiyochemka mpaka ngozi yake ifike nyuzi 38 hivi. Maikrowevu hapana. Inapika ndani, na tumbo la panya linaweza kupasuka (usiniulize nimejuaje). Mkaushe. Osha mikono, na vyombo vya kazi hii visirudi jikoni, kwa sababu ya bakteria wa salmonela.

Chatu ana vishimo vidogo kwenye midomo vinavyohisi joto, anamwona panya gizani kwa joto lake. Panya wa vuguvugu kwake ni kama hayupo. Ndiyo maana kabla tu ya kumpa nakitia kichwa cha panya kwenye maji ya moto tena. Nyoka wa mahindi hana vishimo hivyo. Yeye anategemea zaidi ulimi, unaopeleka harufu kwenye kiungo cha Jacobson juu ya kaakaa. Mmoja unamshawishi kwa joto, mwingine kwa harufu. Ukilijua hilo tu, nusu ya mbinu utazibuni mwenyewe.

Hatua ya 5: Weka, ondoka

Jioni, taa zikiwa zimezimwa, weka panya mlangoni mwa maficho ya upande wa joto. Funga. Ondoka mpaka asubuhi. Tochi hapana, kuchungulia hapana. Asipokula, mtoe panya umtupe, na usijaribu tena hadi zipite siku 5 hadi 7. Kumjaribu kila siku kunamfundisha kwamba harufu ya panya ni dalili ya usumbufu.

Hatua ya 6: Mbinu, moja moja

Akikataa mara tatu hivi kwa utaratibu huo, na nyumba iko sawa, anza hizi. Usizichanganye, hutajua ipi imefanya kazi.

Kwa nyoka wa mahindi, kwanza muoshe panya kwa sabuni isiyo na manukato, umsuuze sana, umpe bila harufu ya kiota. Inashangaza mara ngapi hii inatosha. Pili, toboa kidogo fuvu la panya mfu kwa sindano mpaka ute utoke. Haipendezi, lakini harufu hiyo ina nguvu. Tatu, mjusi. Porini nyoka hawa wakiwa wadogo hula mijusi na vyura wa mitini, kwa hiyo msugue panya kwa gamba alilojivua mjusi. Ukitumia mjusi mzima wa porini, awe amegandishwa mwezi mzima kwanza ili kupunguza vimelea. Nne, mfungie nyoka na panya wake usiku mmoja kwenye kikopo kidogo chenye matundu, ndani ya boksi lake, mbali na sehemu ya moto.

Kwa chatu, shika panya kwa koleo ndefu, umsogeze taratibu kama anayetambaa akipita mbele ya maficho. Usimchokoe usoni. Akivuta kichwa nyuma na shingo ikajikunja kama herufi S, ganda hapohapo, anapima shabaha. Akishapiga na kujiviringa, usipumue. Chatu hawa porini, wakiwa wadogo, hula sana ndege, kwa hiyo kumsugua panya kwa manyoya ya ndege ni jaribio la maana.

Hatua ya 7: Kumsaidia mdomoni

Hii naiandika kwa shingo upande. Unamshika nyuma ya kichwa, unafungua mdomo polepole kwa pua ya panya mdogo sana au kwa mkia wa panya, unauacha umekamatwa na meno, unamlaza chini na unakuwa sanamu. Wengine humalizia wenyewe. Ni kwa nyoka anayepungua uzito, aliyekwisha kujaribiwa yote ya juu, na mara ya kwanza ufundishwe na mtu ukiona. Kusukuma chakula mpaka kooni ni jambo jingine, hilo mwachie daktari.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, wangu ni chatu wa miezi minane, alikuwa anakula vizuri tu, sasa wiki ya nne amegoma. Nianze hatua ya 6?

Jibu: Hapana ndugu. Huyo anajua kula, ameamua kupumzika, na chatu hawa wana sifa hiyo. Angalia uzito, angalia kama umehamisha boksi au themostati imekufa. Tazama pia utitiri kwenye magamba, na mapovu puani au mdomoni. Hakuna hayo na uzito umesimama? Mpe panya kila baada ya siku 10, uendelee na shughuli zako.

Swali: Kwa nini tusimpe panya hai tukamaliza mjadala?

Jibu: Kitoto kisicho na manyoya hakina madhara, na wapo nyoka wanaoanzia hapo. Mwenye meno anang'ata, na nyoka asiye na hamu ya kula hajitetei. Nimeona nyoka aliyetafunwa mgongo usiku mmoja. Usimwache naye peke yake hata dakika tano.

Swali: Amekula, siku ya pili akatapika. Nimrudishie mwingine maana tumbo ni tupu?

Jibu: Usithubutu, dada. Subiri siku 10 hadi 14, maji yawepo muda wote, kisha mpe mlo wa nusu ya ule wa kwanza. Kagua joto leo, na kama ulimshika baada ya kula, umeshapata jibu. Akitapika tena, daktari.

Swali: Vipande vya nyama ya kuku vinafaa?

Jibu: Havifai. Kalsiamu iko kwenye mifupa, vitamini ziko kwenye ini. Windo zima.

Swali: Mimi nina yule mwenye pua iliyobinuka juu (Heterodon nasicus). Anavimba shingo na kupiga pua yake kwenye panya, hafungui mdomo.

Jibu: Huyo ni mlaji wa vyura, na vitisho vyake ni maigizo tu. Mchovye panya kwenye maji ya samaki jodari wa kopo, asiye na chumvi wala mafuta. Akishazoea, punguza harufu kidogo kidogo kila mlo.

Swali: Mkuu amekulaaa! Nilifanya hatua ya 2 tu! Naweza kumtoa nimpige picha?

Jibu: Hongera sana. Hapana. Saa 48 usiguse boksi, na usimshike kabisa mpaka amalize milo mitatu mfululizo. Tupigie picha boksi.