Mambo ya kuzingatia kabla ya kuzamia ili hewa ya mtungi idumu

Mzamiaji mpya aliye ndani ya boti kuelekea kisiwa cha Mnemba, Zanzibar, au anayesubiri maji yaanze kujaa ili ashuke katika mlango wa Kinasi kisiwani Mafia, mara nyingi huuliza apumue vipi ili hewa isimwishie kabla ya wenzake. Swali ni zuri, ila limechelewa, kwa kuwa sehemu kubwa ya hewa atakayoipoteza imekwisha kuamuliwa na mambo aliyoyafanya au aliyoyapuuza kabla ya kuruka majini.

Kwanza aujue utumiaji wake wa hewa kwa hesabu, wala asijilinganishe kwa macho na kiongozi wake. Tuseme katika mbizi iliyopita alikuwa na mtungi wa lita 12, akatumia bari 100 (bari ni kipimo cha mgandamizo wa hewa mtungini) kwa dakika 30, katika kina cha wastani cha mita 10. Bari 100 mara 12 ni lita 1,200, na kwa dakika 30 ni lita 40 kila dakika. Kwa kuwa katika mita 10 mgandamizo ni mara 2 ya ule wa juu ya maji, utumiaji wake ukipimwa kwa mgandamizo wa juu ya maji ni lita 20 kwa dakika. Mtu huyohuyo akishuka mita 20, ambako mgandamizo ni mara 3, atatumia lita 60 kila dakika bila kubadilisha lolote katika upumuaji wake. Akianza na bari 200 na kuweka akiba ya bari 50, mita 10 zitampa takriban dakika 45, na mita 20 takriban dakika 30. Kwa hiyo kupanga kuogelea mita chache juu ya kundi, pale ambapo mwamba na kiongozi wanaruhusu, kunaokoa hewa kuliko ujanja wowote wa mapafu.

Jambo la pili ni uzito wa risasi, yaani vipande vya madini ya risasi ambavyo mzamiaji huvaa ili aweze kuzama, na hapa ndipo wengi wetu tunapopotea. Katika mbizi zangu za mwanzo nilivaa kilo 8 kwa sababu tu ndizo nilizopewa siku ya kwanza; baadaye niligundua kwamba 5 zilinitosha. Aliyezidiwa na risasi hulazimika kujaza hewa katika jaketi lake la kuelea ili asizame, na hewa hiyo husinyaa anaposhuka na kutanuka anapopanda, hivyo huwa anajaza na kumwaga mbizi nzima, na yote hutoka katika mtungi uleule. Isitoshe, miguu yake huning'inia chini, kifua kikatazama juu, akawa anayasukuma maji kwa mwili mzima badala ya kupenya. Maji ni mazito kuliko hewa kwa takriban mara 800, kwa hiyo ukinzani huo una gharama.

Kipimo chake ni rahisi. Mtungi ukiwa umebaki na bari 50 hivi, mzamiaji asimame wima majini bila kupiga miguu, jaketi likiwa tupu, avute pumzi ya kawaida: maji yanapaswa kumfikia usawa wa macho, na akitoa pumzi azame polepole. Anayejipima na mtungi uliojaa aongeze kilo 2 hivi, kwa sababu hewa yenyewe ina uzito na mtungi utakuwa mwepesi mwishoni. Kipimo cha bwawani hakifai baharini, maana maji ya chumvi huelesha zaidi. Vilevile, aliyejipima wakati wa kaskazi akiwa na vazi jembamba na ajipime tena wakati wa kusi, maji yanapopoa na vazi nene linapohitajika. Asikwepe vazi hilo ili kupunguza risasi, kwani mwili unaotetemeka hula hewa nyingi.

Vifaa havihitaji maneno mengi: mpira wa kuzibia unaovujisha ubadilishwe, barakoa inayoingiza maji irekebishwe, na mipira ya hewa inayoning'inia ifungwe karibu na mwili.

Kuhusu upumuaji, azoee akiwa nchi kavu kuvuta pumzi taratibu na kuitoa kwa muda mrefu zaidi. Kubana pumzi ili kuweka akiba ni kosa la hatari: kabonidioksidi hujilimbikiza mwilini, kichwa huuma, haja ya kupumua huongezeka, na anayepanda huku ameibana anaweza kuyajeruhi mapafu.

Aulize pia hali ya maji. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo katika milango ya bahari huwa na nguvu kuliko siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, na anayeshindana nao atamaliza mtungi hata kama risasi zake ni sahihi. Akishaingia majini, atulie juu hadi moyo upungue kasi, ndipo aanze kushuka.

Mwisho, akiwa bado kwenye boti, akubaliane na mwenzake na kiongozi kwamba atawaonyesha ishara akifika bari 100, na tena akifika 70, ili kupanda na kusimama kwa usalama dakika 3 katika mita 5 kufanyike kabla akiba haijaguswa. Kiongozi mzuri hakasiriki akiambiwa mapema. Kinachomtia hofu ni mgeni anayeificha geji yake ya hewa kwa aibu.