Ukisifu kwa "superb", achana na "very"

Ukitaka kusifu pilau ya mwenyeji wako kwa Kiingereza, usiseme "very superb". Sema tu "It was superb!" au, ukitaka kukoleza, "absolutely superb". Neno lenyewe lina maana ya bora kupindukia, limeshafika kileleni, kwa hiyo "very" haina pa kulipandisha. Mkazo uweke kwenye silabi ya pili: su-PAB. Ila usiibebe "absolutely" kila mahali: kwa sifa za kawaida kama "good", "very" ndiyo yenyewe, na "absolutely good" inakwaza sikio. Kwenye swali pia "superb" haikai vizuri, uliza "Was it good?" na umwache mwenzio ajibu kwa furaha, "Superb!"