Kutambua chapa halisi ya bamba la shaba

Chapa ya bamba la shaba ni picha iliyochapwa kwa wino kutoka bamba lililochongwa. Chukua mfano wa picha ya Philipp Melanchthon, mwanateolojia wa Kijerumani, iliyochongwa na msanii Albrecht Dürer. Mwaka 1526 ulioandikwa pale ni wa kuchonga bamba, si wa kuchapa karatasi uliyoshika. Bamba lenyewe bado limehifadhiwa Gotha, Ujerumani.

Itoe picha kwenye fremu, kisha imulike kwa nyuma. Karatasi ya enzi hizo huonyesha alama za chekecheo la waya lililotumika kuitengeneza: mistari myembamba iliyobanana, ikikatwa na mingine iliyoachana sentimita 2 hadi 3.

Sasa shika kioo cha kukuza mara 10, uangalie kivuli cha shavuni. Mstari wa patasi, yaani chombo cha kuchongea bamba, huanza mwembamba, hunenepa, kisha huisha kwa ncha kali, na wino umeinuka kidogo. Mistari laini iliyofifia ni dalili ya bamba lililochakaa. Ukikuta nukta za safu, ni nakala ya kuanzia miaka ya 1880.

Papasa pembeni utafute bonde lililoachwa na bamba. Lisipokuwepo, usiitupe picha. Wengi walikata kingo. Na tafadhali, usiibandike kwa selotepu kamwe: gundi yake huacha doa la kahawia lisilotoka.