Misheni ya siku saba Tororo: maandalizi ya kikundi cha vijana kutoka Kisumu au Nakuru

Bwana asifiwe. Somo hili ni la viongozi wa vijana wanaotaka kuvuka mpaka na kikundi kwa mara ya kwanza. Mfano ni kikundi cha watu 20, yaani vijana 16 na walezi 4, kinachoondoka Kisumu kwenda Tororo, mashariki mwa Uganda, kupitia Busia. Tororo inafaa kwa safari ya kwanza. Kutoka Kisumu mnapita Maseno, Luanda, Yala na Ugunja, mnavuka Busia, na mkiondoka alfajiri mnafika mchana jua likiwa bado juu. Lugha nayo inasaidia. Wajopadhola wa Tororo husema Dhopadhola, lugha iliyo karibu sana na Kijaluo, kwa hiyo kijana wa Nyalenda au Ahero hatakaa kama bubu. Wateso wa huko ni ndugu wa damu na Wateso wa Amukura na Malaba. Vijana wa Nakuru wasiojua lugha hizo watumie Kiswahili chepesi na wapangwe karibu na mkalimani, maana ukitoka mpakani kuingia vijijini Kiswahili hupungua.

Hatua ya kwanza ni barua ya mwaliko, na ianze miezi mitatu kabla. Vikundi vingi huanza na fulana na michango, halafu vinamwambia mwenyeji vinakuja kufanya nini. Hapo ndipo misheni huharibika. Mwenyeji ndiye aseme kazi ipi inahitajika, na ninyi mseme ipi mnaiweza. Barua yake iwe na tarehe za kuingia na kutoka, mahali pa kazi, mahali pa kulala, orodha ya kazi, na jina la mtu mmoja anayewajibika pamoja na simu yake. Mwombeni pia awajulishe kwa mwenyekiti wa LC1, kiongozi wa serikali wa kijiji. Wageni ishirini wakionekana kijijini bila mwenyekiti kujua, maswali huanza usiku wa kwanza.

Katika mazungumzo hayo ulizeni kalenda ya shule. Likizo ya Agosti ya Kenya kwa kawaida huanza kabla ya shule za Uganda kufunga. Kikundi kinachopanga darasa la watoto saa nne asubuhi mwanzoni mwa Agosti hukuta uwanja mtupu. Hamisheni darasa liwe saa kumi jioni.

Hatua ya pili ni hati, wiki nane kabla. Tangu 2014 Mkenya mwenye kitambulisho cha taifa anaweza kuingia Uganda bila pasipoti. Kiwe kipande chenyewe, si nakala wala picha kwenye simu. Wenye miaka 18 na zaidi hapo wamemaliza. Kazi kubwa ni walio chini ya miaka hiyo. Njia ya uhakika kwao ni pasipoti, inayoombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, kisha mtoto anafika mwenyewe kupigwa picha na kutoa alama za vidole. Kisumu na Nakuru zote zina ofisi za Uhamiaji. Muda ukiwa mfupi, mzazi aende ofisi hiyo aulize kuhusu kibali cha muda cha kusafiria. Msisubiri kuuliza mkiwa Busia.

Kila mtoto awe na bahasha yake yenye vitu vinne: hati ya kusafiria, nakala ya cheti cha kuzaliwa, barua ya ruhusa iliyotiwa sahihi na wazazi wote wawili mbele ya wakili au kamishna wa viapo, na nakala za vitambulisho vya wazazi hao. Barua ya ruhusa itaje jina la mlezi anayesafiri na mtoto, namba ya kitambulisho chake, tarehe, na mahali pa kulala. Barua moja ya mchungaji inayosema "tunawaombea ruhusa vijana wetu" haitoshi. Kenya ina sheria ya kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu ya mwaka 2010, na afisa anayewauliza watoto maswali marefu mpakani anafanya kazi inayotakiwa. Mwambieni kila mtoto ajibu mwenyewe anaenda wapi, na nani, na kufanya nini.

Bahasha zote akae nazo mlezi mmoja, zikiwa zimepangwa kufuata orodha ya majina. Orodha ichapishwe nakala sita, yenye jina kama lilivyo kwenye hati, namba ya hati, tarehe ya kuzaliwa na simu ya mzazi. Jina likiandikwa "Akinyi Mary" kwenye orodha na "Mary Akinyi" kwenye kitambulisho, foleni husimama.

Chanjo ya homa ya manjano ipigwe angalau siku 10 kabla ya kuvuka, kwa sababu cheti huanza kutambuliwa siku ya kumi baada ya sindano. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha yote, kwa hiyo aliyechanjwa zamani atafute kadi yake tu. Mjamzito, mwenye mzio mkali wa mayai na mwenye kinga dhaifu waonane na daktari kwanza.

Hapa kuna mkanganyiko unaorudi kila mara: kuna kadi mbili za njano. Moja ni ya chanjo, ya mtu. Nyingine ni kadi ya manjano ya COMESA (soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika), ambayo ni bima ya gari dhidi ya madhara kwa wengine nje ya nchi. Mwenye gari akiwaambia "kadi ya njano ipo", mwombeni aioneshe. Hutolewa na kampuni ile ile iliyokata bima ya gari, na siku zake lazima zifunike safari nzima hadi kurudi.

Gari lenyewe likaguliwe karatasi kabla ya kulipa malipo ya awali. Takeni logibuku (hati ya umiliki wa gari) au nakala yake, barua ya mwenye gari ikimruhusu dereva kulitoa nje ya nchi, leseni ya dereva ya daraja linalofaa, na leseni ya kubeba abiria inayoruhusu kuvuka mpaka. Gari likiwa bado kwenye mkopo, benki nayo itoe barua. Basi la shule la kuazima ndilo husumbua zaidi: linajulikana, ni rahisi, mwalimu mkuu ni mzee wa kanisa, lakini leseni yake ni ya kubeba wanafunzi wa shule hiyo. Kama karatasi hazikamiliki, kodini gari mpaka Busia, vukeni kwa miguu, mwenyeji awapokee kwa gari la Uganda. Si aibu, na mara nyingi ni bei nafuu.

Mpakani Busia kuna kituo kimoja cha pamoja. Mnapotoka Kenya mnakwenda moja kwa moja jengo la upande wa Uganda, ambako maafisa wa nchi zote mbili hukaa chini ya paa moja. Mkisimama upande wa Kenya kutafuta mhuri wa kutoka mtapoteza saa nzima. Wakati wa kurudi ni kinyume chake. Mlezi mmoja atangulie na orodha, vijana wafuate kwa mpangilio wa orodha, mlezi wa pili awe wa mwisho. Asiwepo wa kupandishwa boda na kupitishwa njia ya panya kwa sababu "ni hapo tu"; bila mhuri hayumo nchini kisheria, na kikundi kizima kitajibu wakati wa kutoka.

Pesa badilisheni benki au duka lenye leseni. Wale wa barabarani wenye mabunda mkononi hukunja noti ili ihesabiwe mara mbili, au kikokotoo chao hutoa jibu lisilo sahihi. Fanyeni hesabu kwa simu yenu kabla ya kutoa noti hata moja. Zimeni pia data ya simu, kwa kuwa hapo mpakani simu huruka mtandao hadi mtandao na salio huisha bila mtu kugusa.

Sasa kazi yenyewe. Tuchukue kazi inayoombwa sana: kupiga plasta darasa la shule ya kanisa. Chumba cha mita 7 kwa 6, kuta za mita 3, kina mita 78 za mraba ndani. Toeni milango na madirisha, zinabaki kama 69. Kwa mchanganyiko wa simiti 1 kwa mchanga 4 na unene wa milimita 15, mfuko wa kilo 50 hufunika kama mita 9 za mraba. Hiyo ni mifuko 8, na mchanga tani 2. Msibebe simiti kutoka Kisumu. Tororo kuna kiwanda cha simiti, na duka la pale litapata faida ya halali.

Fundi mmoja mwenye wasaidizi hupiga mita 10 hadi 12 kwa siku, kwa hiyo mafundi wawili wa hapo hapo watamaliza kwa siku tatu na nusu. Vijana ni wasaidizi: kuchekecha mchanga, kuchanganya, kubeba, kulowesha ukuta kabla ya plasta. Watatu kwa kila fundi wanatosha. Mkimpa fundi vijana kumi, mchanganyiko unatengenezwa mwingi kuliko anavyoweza kuupaka, unaanza kuganda, mtu anaongeza maji ili ulainike, na plasta hiyo hubanduka. Changanyeni wa kutumika ndani ya saa moja tu.

Kosa la pili ni la tarehe. Plasta hunyunyiziwa maji siku 7, asubuhi na jioni, la sivyo hupasuka nyufa ndogo. Kikundi kinachoanza plasta Jumatano na kuondoka Jumamosi kinaacha ukuta mkavu. Anzeni siku ya kwanza ya kazi, na kabla hamjaondoka mwenyeji ataje kwa jina atakayeendelea kumwagilia.

Vijana kumi wanaobaki wagawanywe: sita darasa la watoto, wanne jikoni na kuteka maji, wakibadilishana na wa plasta kila siku. Walezi wawili, mwanamume na mwanamke, wawe darasani kila wakati; mtu mzima asibaki peke yake na mtoto, hata kwa maombi.

Chakula nunueni sokoni huko. Kwa watu 20, mlo wa wali na maharagwe unahitaji mchele kilo 2.5 na maharagwe kilo 1.5, ugali, ambao wao huuita posho, unga kilo 4. Maji ya kunywa hesabuni lita 3 kwa mtu, lita 60 kwa siku. Kidonge cha klorini cha miligramu 67 hutibu mtungi wa lita 20 wa maji maangavu, baada ya dakika 30. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi.

Maswali ya washiriki

Katibu wa vijana, Nakuru: Mwalimu, tuna kijana wa miaka 18 mwenye karatasi ya kusubiri kitambulisho. Anaweza kuvuka nayo?

Jibu: Hapana, dada. Karatasi hiyo ni ushahidi kwamba ameomba, si hati ya kusafiria. Aende Uhamiaji Nakuru na cheti cha kuzaliwa, aulize kibali cha muda. Ikishindikana, mpeni kazi ya kuratibu mawasiliano na wazazi akiwa nyumbani. Ni kazi ya kweli, na mtaihitaji.

Mzazi, Ahero: Binti yangu ana miaka 15. Baba yake yumo kwenye cheti cha kuzaliwa lakini hatujui aliko. Sahihi ya pili nitaitoa wapi?

Jibu: Mama, nenda kwa wakili ukale kiapo cha maandishi kinachoeleza kwamba unamlea peke yako na baba hapatikani. Aliyefiwa huambatanisha cheti cha kifo. Kiapo hicho kitahitajika kwenye maombi ya pasipoti pia, kwa hiyo uliza nakala mbili zenye mhuri halisi.

Mama wa idara ya watoto, Kakamega: Washirika wametoa magunia sita ya nguo za mitumba na katoni mbili za dawa. Tuzibebe?

Jibu: Dawa zisivuke, mama. Zinadhibitiwa na mamlaka ya dawa ya Uganda, na kambi ya matibabu lazima ipitie kwa afisa wa afya wa wilaya. Bebeni sanduku moja la huduma ya kwanza la kikundi, na dawa za mtu binafsi zikiwa na cheti cha daktari. Magunia ya mitumba forodha itayahesabu kama bidhaa za biashara. Ziuzeni hapo Kakamega, pesa mpelekee mwenyeji anunue sare za shule kwa fundi cherehani wa kwao.

Mlezi wa vijana, Nakuru: Watoto wetu hawajazoea malaria. Je, chandarua kinatosha?

Jibu: Hakitoshi, ndugu. Tororo ni sehemu yenye malaria nyingi, na vijana waliokulia Nakuru, juu kule kwenye baridi, hawana kinga ya mwili kama wa Kisumu. Muulizeni daktari dawa ya kuzuia. Doxycycline, kwa mfano, huanzwa siku moja au mbili kabla, kila siku, na huendelea wiki 4 baada ya kurudi. Huliwa baada ya chakula kwa maji mengi, na mtu asilale papo hapo. Wengi huacha wakishafika nyumbani, kisha wanaugua. Homa yoyote ndani ya miezi mitatu baada ya safari ipimwe siku hiyo hiyo, na mgonjwa amwambie daktari alikuwa Tororo. Mwenye selimundu aonane na daktari wake kabla hata ya jina lake kuingia kwenye orodha.

Mwenyekiti wa vijana, Migori: Sisi tuko karibu na Isebania, tunafikiria Musoma. Hatua ni hizi hizi?

Jibu: Nyingi ndizo, ila Tanzania kitambulisho pekee hakitoshi, kila mmoja awe na pasipoti au kibali cha muda. Cheti cha homa ya manjano pia mtaulizwa. Na kagueni mabegi kabla ya Sirari: mifuko ya plastiki ya kubebea vitu imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, hata ule uliofungia viatu.